Ushuhuda wa Theodosia

Mgeni aliyekuja kanisani alitaka mmoja wetu sisi wakimbizi aeleze alivyoukimbia ukomunisti. Alikuwa mgombea, na uchaguzi ulikaribia. Alisema kura ya Mkristo ndiyo ngao ya Amerika dhidi ya wakomunisti.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mchungaji akamwita Theodosia, mkongwe kuliko Warundi wote wa Beechmont, mtaa wetu huku Amerika.

Alikuja polepole, miguu imevimba, visigino vimekanyaga migongo ya viatu. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ukomunisti ndio upi, mdogo wangu?" akaniuliza. Watu wakacheka.

"Ni kama ujamaa, dada. Ule wa kulima pamoja."

"Ah! Basi mwambie hao ndio walionipokea Tanzania. Walinipa shamba na mbegu, wakaniita ndugu. Waliomuua mume wangu kule kwetu walivaa misalaba shingoni. Tulisali nao kanisa moja."

Hakuna aliyecheka tena. Mgeni, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alikuwa akitabasamu, viganja tayari kwa makofi.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Mchungaji akanikanyaga mguu. "Mzee, jengo hili ni la rafiki za mgeni, sisi tumeazima tu," akaninong'oneza. "Sema aliwakimbia wakomunisti, yaishe, twende tukale."

Nilijisikia kuchoka kama mtu aliyetoka zamu mbili ghalani. Theodosia hakurudi kitini. Alisimama akinitazama mdomoni, akisubiri maneno yake yatoke kwa Kiingereza.

Nikachukua maikrofoni, nikaanza na kifo cha mume wake.