Mistari ya Buluu

Emerance alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani aliposikia mumewe akipiga mayowe. Aliingia mbio, mchi mkononi.

Shemeji yake alikuwa amemkalia mumewe mgonjwa kifuani, anamsugua kinenani kwa sabuni na jiwe la kusugulia miguu. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, amembana mapaja, akilia na kumwita Yesu. Ngozi iliyokwisha kuungua kwa mionzi ilikuwa ikichubuka, na maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Mumuache!"

"Kule hospitali ya Kigali bamemuchora alama ya shetani," shemeji alifoka. "Njo maana haponi!"

"Iyo mistari ni ya mashini! Badogoteri banaifata juu ya kupiga kansa ya uume. Mukiifuta, tukirudi kule bataunguza wapi?"

Shemeji alisugua tena. Mgonjwa, ambaye dawa za mshipani zilikwisha kumnyang'anya nywele na nguvu, aligeuza tu shingo.

Emerance alimshushia shemeji mchi. Mfupa wa mkono ulialika kama kuni kavu. Shemeji aliangukia ukutani akipiga yowe, majani ya sombe yamemnata kwenye damu.

Mistari miwili ilikuwa imefutika. Mmoja ulibaki, mwembamba, wa buluu, chini ya povu.

Sabuni ilikuwa imeteleza hadi miguuni pa mama mkwe. Mama huyo aliinama, akaiokota, akapiga magoti tena kando ya mwanawe.

Emerance aliinua mchi.

"Maman," alisema kwa sauti ndogo, "weka iyo savoni chini."