Anwani Mpya ya Kuchakulo

Palikuwa na Kuchakulo mbishi, aliyekuwa akimtumia dada yake sarafu za mtandaoni huko dada huyo alikojificha ili Kicheche asimle.

“Ndugu yangu,” Nungunungu alimsihi tena, “malipo hayo kila mnyama huyaona mtandaoni, na anwani yako ya kutumia sarafu Kicheche anaijua. Fungua nyingine!”

“Nimeshafungua. Usinichoshe!”

Keshoye dada alifika akihema, mkia umenyofolewa. Kicheche alikuwa ameyafuata malipo hadi kwenye duka ambako dada hulipia karanga kwa sarafu hizo, akamvizia mlangoni.

“Si ulisema umefungua mpya?” Nungunungu alimfokea Kuchakulo.

“Nilifungua! Nikahamishia humo sarafu zote za ile ya zamani.”

“Na uhamisho huo nao huonekana! Yaani umehama na gunia la unga lililotoboka, ukaliburuta njia nzima!”

Dada akashusha pumzi. “Kaka, nakuomba, kuanzia leo usinisaidie.”