Maneno ya Banda la Video

Mfaume alikwenda ukweni mchana kumwomba mkewe arudi nyumbani. Wiki mbili kabla alikuwa amemtukana mbele ya wageni, na Tunu akafungasha nguo zake, akarudi kwao.

Alimkuta uani na mama yake, wakichambua mchele. Akamwamkia mkwewe, akaketi ukingoni mwa mkeka, akaanza.

"Tunu, tangu uondoke, nyumba ile ni kuta tu. Hata nikicheka, sauti inanirudia kama ya mgeni."

Mama mkwe akaacha kuchambua, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mfaume akajiona ameweza.

"Halafu mwanamume anapiga magoti," Tunu akasema taratibu, macho yakiwa kwenye ungo. "Na mvua inanyesha. Niliitazama filamu hiyo Jumamosi, banda la video."

Masikio ya Mfaume yakawaka moto. Filamu ile alikuwa ameirudia mara tatu, akikariri maneno yake. Mama mkwe sasa alikuwa amejifunika uso mzima. Kama analia au anacheka, Mfaume hakuthubutu kutazama.

"Niambie ya kwako," Tunu akasema.

Mfaume akainamisha kichwa. "Nilikwambia huna akili," akasema. "Watu wakacheka. Na mimi, Tunu, nilifurahi walivyocheka."

Tunu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akainuka, akaingia ndani, na kutoka chumbani ukasikika mlango wa kabati la nguo zake ukifunguliwa.