Mzuka Aliyechana Nywele

Miaka yote Sulastri ndiye aliyecheza mzuka katika filamu za kutisha za Jakarta, akipiga mayowe hadi sauti inamkauka. Siku hiyo aliketi sinemani kumtazama binti aliyepewa nafasi yake, roho ikimuuma, amejiandaa kumcheka watu wote wasikie.

Lakini kwenye filamu binti hakupiga yowe. Aliwapa watu mgongo, akawa anachana nywele polepole. Mtoto akaita kutoka mlangoni, "Mama?"

Kitana kikasimama. Hakugeuka.

Sulastri akasahau kucheka.

"Umeogopa, dada?" binti mwenyewe, aliyeketi kando yake, akamnong'oneza.

"Niogope nini mie? Wewe hata kupiga kelele hujui!"

Miguu yake yote miwili alikuwa ameipandisha kitini.