Mkuu wa Ukutani

Haya nilisimuliwa na mke wa mchoraji mwenyewe, mwaka ule mvua ilipokatika mapema, tumekaa tunachambua mchele.

Fundi cherehani alipanda juu ya kiti cha sebuleni, akamshusha Mkuu ukutani, akamfunga ndani ya shuka kuukuu. Mama yake alikuwa chumbani, hoi kitandani wiki ya tatu, macho yamefifia. Hatajua.

Mkuu mwenyewe ndiye yule wa kwanza wa nchi, aliyekufa kabla kamera hazijafika. Picha yake ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwenye karatasi nzito. Miaka karibu sitini mama aliifuta vumbi kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso.

Jambo hilo lilimkereketa fundi tangu utotoni. Baba yake alifariki yeye akiwa tumboni, na hakuacha hata picha ya kitambulisho. "Wa serikali unamfuta vumbi," alikuwa akimwambia mama, "wangu hata sura siijui."

"Iache hapo, mwanangu," mama hujibu, basi.

Sasa mama alikuwa ukingoni, na sura ya marehemu ilibaki kichwani mwake tu. Ndipo fundi akamwendea mchoraji wa mtaa wa pili, waliyembandika jina Makaa, anayechora waliokufa kwa kusimuliwa. Makaa hakutaka pesa. Alimtaka Mkuu.

"Zile za maofisini zilichomwa zote wakati wa vurugu," alisema akiigeuza picha mwangani. "Hii nadhani ndiyo ya mwisho. Kuna msafiri anaisubiri, ndege yake adhuhuri."

Alasiri, ndege imeshaondoka na Mkuu, Makaa akaja, akavuta kigoda kando ya kitanda.

"Haya bibi, nipe mzee wako. Tuanze na paji la uso."

"Pana. Lina mikunjo miwili, mmoja umekatika katikati."

"Pua?"

"Imelala kidogo kushoto. Alipigwa teke na punda, na kosa lilikuwa lake, si la punda." Akacheka, akakohoa.

Mkaa ukakwaruza. Nyusi, kidevu, sikio lililochomoza. Mara mkono ukapunguza mwendo, ukasimama. Makaa akaigeuza karatasi ili fundi aione.

"Dada, mama yako ananichezea shere. Huyu si ndiye niliyembeba kwapani asubuhi?"

Fundi akamgeukia mama. "Hata leo, mama? Nakuomba baba yangu, unanipa Mkuu?" Akaipokonya ile karatasi, akaichana vipande vinne.

Vipande vikatulia sakafuni.

"Mkuu hakuacha sura, mwanangu. Mchonga bamba alihitaji mtu wa kumtazama. Baba yako alikuwa mfagiaji wa karakana yao. Akavishwa koti la nishani, akakalishwa kitini siku tatu. Tukaapishwa tusiseme, la sivyo jela. Aliyetuapisha nasikia kazikwa." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Sasa mbona mnahangaika na maneno matupu? Mpeleke mwenzio sebuleni, anakili pale ukutani. Mimi niacheni nipumzike."

Akageukia upande wa pili, ukamchukua usingizi.