Namba ya Injini

Mteja aliweka injini ya pikipiki chini ya mashine ya leza na kumwambia Ndanu afute namba.

"Ni ya mjomba wangu hiyo, siste. Makaratasi tu ndiyo yamepotea."

Katika karakana ile ya Ruiru, leza hupiga kwa mapigo mafupi mno. Chuma huyeyuka kabla joto halijapata nafasi ya kutembea. Ukigusa kando kidogo tu, unakuta baridi.

Ndanu aliigeuza injini. Chini yake aliona nyota ndogo iliyopinda mguu mmoja. Aliichora mwenyewe, kwa mashine hii hii, siku kaka yake aliponunua pikipiki. Jumapili kaka yake alitoka mtaa wa Landless kumpeleka abiria Kamakis, na hadi leo simu yake imezimwa.

Mteja alicheka. "Mbona umeganda? Ama umeogopa mashine yako?"

Ndanu aliirudisha injini ilivyokuwa, akakanyaga pedali. Cheche zikaruka, chuma kikayeyuka kando ya namba, na namba yenyewe ikabaki nzima.

"Chuma hiki ni kigumu, boss, kitachukua muda," akasema akitabasamu. "Kaa hapo nikuagizie chai."

Kisha akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani, na ufunguo akautia mfukoni.