Propela na Taa ya Mgane

Wakubwa walipopitisha kwamba umeme ni wa nyumba zenye watu wawili au zaidi, kwangu walikata kabla matanga ya mke wangu hayajaanuliwa. Hawana haya.

Shemeji Mwanaisha alikiona chuma nilichookota mtoni, akacheka. "Shemeji, unahangaika na pangaboi bovu?"

"Pangaboi gani lina meno ndani ya tundu la katikati? Hii ni propela ya mashine ya boti."

Nikaiunga na dinamo ya baiskeli, maji ya mfereji upitao nyuma ya nyumba yakaizungusha. Taa ikawaka, mtaa mzima ukaja kutazama.

Jana akaja mkaguzi wa umeme. "Mzee, mnaishi wangapi?"

"Mmoja," nikajibu, kifua mbele. "Na taa ni yangu."

Akaiangalia sana. "Inatosha wawili hii. Na sheria ni watu wawili kwa taa. Kesho tunakuletea mwenzio wa kuishi naye."

Nikatazama upande wa kitanda ambao sijaulalia tangu mke wangu afe.